Mlango Uliolala

Walipopita na kopo la rangi nyekundu
hawakubisha hodi. Walichora X
kwenye mlango wa duka la baba, Mabatini,
wakaenda kwa jirani.
Siku thelathini, walisema.
Tingatinga lilikuja ya ishirini na sita.

Nilichowahi: mlango huo, kenchi mbili za paa,
ndoo ya misumari iliyopinda.
Mlango wa mvule, mzito kama mgonjwa.
Mkokoteni uligoma mawe ya Igogo yalipoanzia,
na kutoka pale ulipanda kwa mabega ya watu wanne,
wawili wakilalamika, mmoja akiimba, mmoja mimi.

Misumari niliinyoosha juu ya jabali,
mmoja mmoja, ta, ta, ta,
watoto wakihesabu iliyopona na iliyoshindikana.

Fundi Lushinge alikuja na randa kwapani.
"Tuipige hii, dada. Mikono mitatu tu,
haya maandishi yote kwaheri."

Maandishi: upande wa ndani,
kwa mkaa, na kwa kalamu ya kuandikia magunia,
baba alitunza madeni.
*Mama Ngolo, mchele nusu, sukari robo.*
*Yule wa mashine ya kusaga, sigara mbili.*
*Mtoto wa kina Gindu, daftari (asidaiwe).*
*Mwalimu wa hesabu, kibiriti, kibiriti, kibiriti.*

Nikasema, acha.
Akasema ubao hauna kumbukumbu, una nyuzi tu.
Nikasema, acha, nitakulipa ya randa bila randa.

Tuliupasua kwa urefu, rafu tatu.
Msumeno ukapita katikati ya Mama Ngolo:
jina lake likaenda juu,
mchele wake rafu ya pili.

Sasa, chumba changu kimekaa juu ya mwamba
na sakafu haijawahi kukubaliana na nyumba.
Weka chungwa mlangoni, litakusubiri uvunguni.
Pimamaji hatuna; la Lushinge limekopwa Nyegezi, halijarudi.
Basi nikafungua dirisha, nikafumba jicho moja,
nikaulinganisha ukingo wa ubao
na ule mstari ambapo ziwa linaishia.
"Inua. Kidogo. Umezidisha. Hapo, hapo!"
Ziwa zima lilitufanyia kazi dakika mbili
wala halikudai hata ya chai.
Chini ya mguu wa kushoto tukasokomeza kipande cha kandambili.

Vanishi nilipaka jioni, kosa langu.
Usiku ule wadudu wa ziwani walipanda kama moshi,
wakafuata taa, wakakuta ubao mbichi.
Asubuhi walikuwa mamia, mabawa wazi.
Nilisugua kwa msasa mpaka bega likakataa.
Waliobaki wamebaki. Pitisha kidole rafu ya tatu,
utawakuta, kama chumvi.

Na ile X? Iko kwa chini, imekatwa.
Mwanangu akilala sakafuni anasema
huyu ndege, huyu ndege mwingine,
na hiki sijui.

Jumamosi Mama Ngolo alipita kunisalimu.
Aliinua kikombe, akasita.
"Huyu si mimi?"
Kidole chake kilishuka kutoka jina hadi mchele,
kikaruka pengo la hewa kati ya rafu na rafu,
kikatua penye sukari.
Alicheka mpaka kitenge kikalegea.
"Baba yako! Aliniambia ameshasahau."

Kesho yake alirudi na mfuko.
Mchele nusu. Sukari robo.
Akauweka palepale, juu ya maandishi yake,
na mimi sikujua napokea kwa niaba ya nani,
nikapokea kwa mikono miwili.
Kisha akaomba msumari,
mmoja wa ile iliyopona,
na pembeni ya jina lake akakwaruza X ndogo,
taratibu, ulimi ukichungulia,
kama mtu anayetia sahihi.

Mwalimu wa hesabu bado.
Vibiriti vitatu.
Nasikia yuko Sengerema.